Siku ya Afisa wa Ugani Butere, Magharibi mwa Kenya, Msimu wa Palizi

Saa kumi na mbili asubuhi ninaondoka kwa pikipiki nikiwa na kamba ya kupimia mistari na mbegu za mboga za asili, saga na managu, pamoja na za njugu mawe, katika bahasha za karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hushika unyevu na mbegu huvunda.

Saa mbili niko kwa mama mmoja aliyepanda wimbi, yaani ulezi, kwa kumwaga. Katikati ya mimea limeota gugu la jamii moja nayo, ambalo wengi hulitambua likishatoa masuke. Yeye hupapasa shina karibu na udongo, na akilikuta bapa, huling'oa. "Mwanangu," ananiambia, "si uji niliouchoka, ni mgongo." Kwa jirani yake, aliyepanda kwa mistari, kinachoota nje ya mstari hung'olewa bila kuulizwa.

Husemwa sana kwamba watu waliacha vyakula vya asili kwa kuiga ya kigeni. Sikubaliani. Palizi, kuwinga ndege, kupura na kusaga ni kazi zilizowaangukia wanawake na watoto, na siku hizi watoto wako shuleni. Asiyewapunguzia wakulima kazi hiyo asitarajie warudie wimbi, hata Umoja wa Mataifa ukiutangaza mwaka wa nafaka hizi, kama ulivyofanya kwa mwaka wa 2023.

Saa tano, katika kliniki ya watoto, ninawaeleza akina mama kwamba gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalisi (kalsiamu), ilhali za mahindi hazifikishi hata 30. Wanaandika, kisha wanauliza bei ya gorogoro, kopo la kupimia nafaka sokoni.

Saa saba ninakula ugali wa mtama kwa mrenda uliochanganywa na mito, zote mboga za majani za asili, uchungu wa mito ukimezwa na utelezi wa mrenda.

Saa tisa ninakutana na kikundi cha wanawake wanaolima njugu mawe na wimbi. Wanajua kwamba njugu mawe hurutubisha udongo. Kinachowakera ni kuni, kwani punje zake kavu huchemshwa kwa saa kadhaa. Tunakubaliana waziloweke usiku kucha, na wachange pesa za kukodi mashine ya kupuria wimbi.

Saa kumi na moja ninajaza ripoti. Fomu ina safu ya mahindi, ya maharagwe na ya "mengineyo", na mazao yote niliyoshughulikia leo yanaishia humo, kwa hiyo ninaandika jina la kila moja pembeni.