Kigauni cha rangi ya pera

Jana binti yangu, yule wa maswali mnamjua, alikuwa anatafuta riboni zake kwenye sanduku la juu akaibuka na kigauni kidogo cha kufuma, akanifuata nacho mpaka chumbani. Anauliza, "Mama hiki kilikuwa changu? Mbona huku juu kimeiva halafu huku chini bado?"

Kimeiva. Hajawahi kusimuliwa habari ya kile kigauni hata siku moja lakini neno lililomtoka ni hilohilo, basi nikakaa kitandani nikakiweka mapajani nikakosa la kumjibu kwa muda.

Alikuwa na miaka miwili. Joto la mwaka ule lilikuwa la kutoa machozi, mtoto ana vipele shingoni na kwapani, nguo zote zinamkera, na mimi mikono inawasha kutaka kufuma lakini nani atapakata sufu kwenye joto lile, uzi wa sufu unanata vidoleni na sindano zinateleza kwa jasho. Ndo nikageukia pamba. Pamba ina tabia yake, haivutiki kama sufu, ukikosea kipimo imekosewa hivyohivyo, na ikilowa inakuwa nzito inajivuta chini, kwa hiyo unafuma sampuli, unaifua, unaianika, ndo unapima. Lakini ikikaa mwilini mwa mtoto inapoa, na ukiweka vitundu vitundu (unazungusha uzi kwenye sindano mara moja halafu unafuma mishono miwili pamoja) upepo unapita.

Rangi ilitoka mezani. Kulikuwa na bakuli la mapera, yale ya ndani pinki, nyumba nzima inanuka mapera, mtoto anakula mpaka mashavu yananata. Nikaliona gauni zima palepale: linaanza shingoni na pinki, linashuka na pinki, mwisho kabisa kwenye pindo mistari michache ya kijani. Nusu ya pera.

Tatizo pinki. Kila uzi wa pinki niliouona ulikuwa pinki ya pipi, inang'aa, haina utamu. Shangazi alikuwa kaja kukaa na sisi, akaniambia nichemshe kokwa za parachichi. Nikacheka nikidhani ni utani, tunda la kijani na kokwa la kahawia litoe pinki wapi? Akasema wewe osha tu uzi mweupe. Kwanza kuosha kwenyewe ni kuchemsha na sabuni, maana pamba mpya ina nta yake na usipoitoa rangi inashika kwa mabaka. Halafu kokwa zikakatwakatwa zikawekwa kwenye maji, moto mdogo, akanikataza sufuria ya chuma kwamba chuma kinaivuruga rangi inakuwa kijivu, na akanikataza kabisa maji yasitokote kwa nguvu. Baada ya saa nzima maji ni kama chai. Kuzima moto, kuacha usiku kucha, asubuhi nafunua mfuniko naona wekundu kama wa tofali lililolowa, jamani nilimwita kwa sauti mpaka mtoto akaamka. Wala hatukuhitaji shabu ya kushikisha rangi, parachichi lina dawa yake ndani, ileile inayokaza ulimi ukilamba kokwa.

Sufuria ilikuwa ndogo ikabidi nipike mara mbili, kitita cha kwanza cha gramu 100, halafu cha pili siku nyingine na kokwa nyingine. Hapo ndo palipo kisa chenyewe.

Nimefuma nimefika chini ya kiuno, donge la kwanza linaisha, naunganisha la pili, nafuma mistari minane usiku kwenye taa ya manjano bila kushtuka. Asubuhi nakitandaza dirishani naona mpaka, umekatwa kama kwa rula: juu pinki yenye damu, chini pinki ya kupauka. Wanaonunua uzi wanajua, kuna namba ya bechi kwenye karatasi yake, usipochukua bechi moja rangi zinakataana, na mimi nilijua pia ila sikufikiria kwamba sufuria yangu nayo ina bechi. Nililia. Sio kwa ajili ya gauni peke yake, siku zile mambo yalikuwa mengi, wengine mnakumbuka.

Shangazi hakunibembeleza. Alichukua pera kwenye bakuli, akalipasua katikati kwa kisu kidogo, akaliweka juu ya gauni, juu ya ule mpaka kabisa, mimi naogopa majimaji yasidondoke. "Haya niambie, ni rangi moja hiyo?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimekula mapera maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kuangalia. Katikati kwenye mbegu pamekolea, mbegu zenyewe zimezama kwenye wekundu, ukitoka nje kidogo nyama inapauka, inapauka tena, inakuwa karibu nyeupe, halafu mstari mwembamba wa kijani na ganda. Mpaka haupo popote. Tulikaa kimya wote wawili, mtoto akanyoosha mkono akachukua nusu moja akala, Shangazi akala nyingine.

Nikafumua ile mistari minane. Nikaianza upya kwa madonge yote mawili kwa pamoja, mistari miwili ya uzi uliokolea, miwili ya uliopauka, mpaka kile kilichokolea kikaisha chenyewe, halafu nikaendelea na kilichopauka mpaka kwenye kijani. Alikivaa joto lote lile na lililofuata.

Sasa jana nakiangalia, mabegani jua limekula rangi, lakini ukigeuza ndani kwenye mishono ya kwapa ile pinki ya kwanza bado ipo. Mpaka leo sijui kama nilikubali ule mpauko kwa sababu ya pera au kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu aniambie inatosha. Shangazi vidole vyake havishiki sindano tena, nilimpigia jana kumuuliza ilikuwa kokwa ngapi, akasema hakuhesabu.

Binti anataka kingine cha saizi yake. Nilikuwa na kokwa 14 kwenye friza, ziko jikoni tangu asubuhi, moto mdogo, na ameshafunua mfuniko mara tatu kuja kuniambia bado ni chai.