Ng'onda, Paati na tausi wa Mylapore

Jumanne natoka chuoni, jua la Chennai, India, limenipiga utosini, nakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu: nyama, mayai na samaki ni marufuku humu ndani. Neno samaki limepigiwa mistari miwili. Kisa ni ng'onda, samaki mkavu. Mama kanitumia kilo moja na mwanafunzi aliyetoka Mombasa, nikachemsha kipande kimoja tu, usiku, madirisha wazi. Asubuhi mwenye nyumba anafukiza ubani ngazi nzima utadhani kuna maiti.

Mnaotaka kuja kusoma huku, nisikilizeni. Mtaa huu wa Mylapore wenye nyumba wengi hawali nyama, na sharti hilo mimi sikulikuta kwenye mkataba, nimelikuta mlangoni. Dipoziti nayo si ya mwezi mmoja kama kwetu Kibokoni, Mombasa. Niliombwa ya miezi kumi, nikabembeleza mpaka sita. Pigeni hesabu wenyewe. Na mwanafunzi mwenye viza ndefu anajisajili ndani ya siku 14 tangu kufika, usije ukasema hukuambiwa.

Nilinuna siku tatu. Ijumaa jioni huyo mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Paati, yaani bibi kwa Kitamil, akagonga. Nikajua ni notisi. "Vaa, ma," akasema kwa Kitamil, yaani njoo mwanangu, twende hekaluni. Nikamwambia mimi Muislamu. Akasema hajaniambia niabudu, goti linamuuma, anataka mkono wa kushika.

Basi nikawa mkongojo mpaka Kapaleeshwarar, hekalu la mungu Shiva. Mnara wa lango ni wa mita 37 hivi, umejaa sanamu za rangi zote. Lakini kilichonishika mimi ni wachuuzi wa nje: nazi, ndizi, tambuu, asumini zimetungwa. Nilisimama pale nikanusa vikuba vya harusi za kwetu, machozi yakanilenga.

Uani kuna mti na chini yake kijihekalu. Nikayatazama majani: mtondoo! Wenyewe wanauita punnai. Paati akaketi, akaanza. Shiva alikuwa akimfunza mkewe Parvati maneno matakatifu, mke akamtupia jicho tausi aliyekuwa akicheza. Mume akaghadhibika, akamlaani awe tausi jike. Mke akaja kuabudu hapa chini ya mtondoo mpaka akarudishiwa umbo lake. Tausi ni mayil, ndiyo asili ya jina Mylapore. Nikauliza, yote hayo kwa kutazama ndege tu? Akasema, "Waume."

Kisha hadithi ya Poompavai. Binti aliumwa na nyoka akichuma maua, akafa, akachomwa, baba akayaweka majivu yake chunguni, maana alikwisha kunuia kumwoza kwa Sambandar, mshairi wa Shiva wa karne ya 7. Sambandar alipofika akakiimbia kile chungu, sherehe moja baada ya nyingine: utaondoka bila kuiona hii? Na hii je? Binti akatoka chunguni mzima. Baba akasema, haya, muoe. Sambandar akakataa: nimemrudishia uhai, sasa mimi ni baba yake. Wimbo wenyewe Paati anao kichwani, akaniimbia kwa sauti ya chini.

Hekalu hili lakini silo lile la Sambandar. La kale lilikuwa ufukweni, Wareno wakalivunja karne ya 16. Paati anawaita Parangi, na anawataja kama watu waliopita juzi. Nikamwambia sisi Mombasa walituchoma 1505, na Kilwa waliipora mwaka huo huo, baadaye wakatujengea Fort Jesus juu ya vichwa vyetu. Akanipiga begani: "Na nyinyi?" Tukawasengenya Wareno robo saa nzima.

Kwenye mlango wa ndani pana kibao: asiye Mhindu mwisho hapa. Sikukasirika. Basi, kidogo. Akaingia peke yake na goti lake, mimi nikabaki kwenye mlingoti wa bendera nikihesabu njiwa. Akarudi na ndizi yangu na nusu ya nazi.

Njiani nikajaribu bahati yangu kuhusu ng'onda. Akasema ng'onda hapana, kapike nazi hiyo. Nikapika mbaazi, nikampelekea bakuli. Hakula, sufuria yangu imeshapita samaki. Kesho yake nikakuta sufuria mpya mlangoni, chini ya ile karatasi. Bei yake, rupia 650, ameiandika kwenye daftari la kodi.