Kwa Nini Carmen Hakukimbia

Tulipomaliza kuitazama Carmen, filamu ya mwaka 1984 ambamo Francesco Rosi aliipeleka opera ya Georges Bizet katika miji na vumbi la Andalusia, kusini mwa Hispania, mama mdogo, ambaye ni mzaliwa wa hapa Mikindani na hana subira na wanawake wa kwenye sinema, aliuliza: "Mashoga zake wamemwonya kwamba mwanamume amejificha anamvizia; mbona hakukimbia?"

Jibu la haraka ni kiburi, nami silikubali. Katika tendo la tatu Carmen anapiga ramli kwa karata, na kila akizichanganya yanatoka mauti, yake kwanza, kisha ya Don José, mpenzi aliyemwacha na ndiye huyo anayemvizia. Kwa hiyo anapobaki peke yake nje ya uwanja wa mapigano ya ng'ombe, anayajua yatakayomfika kuliko hata José mwenyewe.

Msikilize José vizuri. Anaanza kwa kubembeleza, lakini anapokataliwa hugeuka kuwa mdai: amepoteza wokovu wa roho yake kwa ajili ya huyu mwanamke, basi alipwe. (Sisi tuliolelewa na taarabu tumezoea wivu unaosemwa kwa mafumbo, huyu anasoma hesabu waziwazi.) Carmen angekimbia, angekuwa amekiri kwamba deni lipo. Badala yake anasema alizaliwa huru na atakufa huru, anamrushia pete aliyompa, na kisu kinafuata.

Wakati huohuo, ndani ya uwanja umati unamshangilia Escamillo, mpigana na ng'ombe ambaye ndiye mpenzi mpya wa Carmen. Bizet alizipanga sauti hizo mbili zigongane kwa makusudi, na Rosi amelikoleza jambo hilo kwa kuifungua filamu yake na Escamillo akimuua fahali kwa picha za mwendo wa polepole, hivyo mtazamaji anaufikia mwisho akiwa ameshaona kifo kinavyopigiwa makofi.

Kisha José anajisalimisha, akisema wamkamate kwa kuwa ndiye aliyemuua, na papo hapo anamwita marehemu kipenzi chake. Plácido Domingo, anayemwigiza José, anaiimba sehemu hiyo kwa utamu ambao, kwa maoni yangu, umewapotosha watazamaji wengi: wanatoka wakimhurumia muuaji, ilhali katika tendo zima la nne Carmen hakumdanganya hata kwa neno moja.