Dagaa wa Penang

Nililipa ringgit 220 nitembezwe kwa miguu mitaa ya George Town, kisiwani Penang, Malaysia, huku nikila. Kwa shilingi yetu ya Tanzania inapita laki moja na ishirini, na maji ya kunywa nilijinunulia mwenyewe. Kabla ya kulipa niliuliza mara mbili: mimi Mwislamu, kila kituo nitakula? Nikaambiwa nisiwe na shaka.

Kituo cha kwanza kilikuwa karai la mzee wa Kichina kando ya barabara. Moto unaruka, naye anageuza tambi pana za mchele, kamba, kombe, mayai na choroko zilizochipua. Char kway teow. Harufu yake tu ilinitoa mate. Nimeshashika vijiti, mama wa Kimalay aliyekuwa akipita akautazama ushungi wangu, akanigusa bega. "Tak halal," akasema, akionyesha kopo la mafuta. Ya nguruwe. Mwongozaji akajitetea kwamba ni mafuta tu, nyama hamna. Mafuta tu! Nilisukuma sahani mikono ikinitetemeka. Wenzangu sita wakala, mimi nikasimama juani dakika 20. Mpishi sikumkasirikia, anapika chakula cha kwao na hakumficha mtu kitu. Aliyepokea hela yangu ndiye aliyejua.

Vituo vilivyofuata nilivipita kwa hasira: laksa, supu ya tambi ya samaki na ukwaju, kisha cendol, kitu kitamu chenye tui baridi. Nilitulia kwenye msikiti wa Kapitan Keling, ulioasisiwa na Waislamu wa Kihindi mwaka 1801. Niliswali Adhuhuri, barabara hiyo hiyo, hatua chache mbele, hekalu la Kuan Yin, mungu wa huruma wa Wachina, lilikuwa likifuka moshi wa udi. Hapo ndipo nilipojua maana ya nasi kandar: Waislamu wa Kitamil walikuwa wakizunguka na wali na mchuzi kwenye mzegazega. Nasi ni wali, kandar ndio huo mzegazega.

Mwisho tukafika kwenye kibanda chenye vifurushi vya jani la mgomba. Nasi lemak, ringgit mbili na nusu. Nikafungua. Wali wa nazi, unaonukia jani la pandani, ndugu yake mkadi. Juu yake pilipili ya kupikwa, karanga, tango, na dagaa wakavu wa kukaanga.

Kwetu Tanga mgeni hapewi dagaa. Ikisikika hodi, mama anaisukuma sufuria nyuma ya mlango na mtoto anatumwa kuku. Hapa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, dagaa ndio wanaoonyeshwa mgeni kwa fahari. Nilikula vifurushi vitatu, kwa mkono.

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia.

"Dagaa? Umekwenda huko kote, mwanangu, ukale dagaa?"

Nikamwambia wamepikwa vizuri, na wali ni wa nazi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama waliwaosha wakatoka mchanga wote.