Roboti likivuta kushoto, usikimbilie kulaumu programu

Wiki tatu nzima hapa Wete tuligombana na roboti letu la mchezo wa kusukumana. Ukilipeleka mbele linavuta kushoto, ukilirudisha nyuma linapinda tena, vijana washabadilisha magurudumu, washakaza kila boliti, mmoja akaandika programu upya usiku kucha, na tabia iko vile vile. Kumbe ugonjwa umo ndani ya mota.

Sie tunatumia mota za drili za betri. Drili ya fundi seremala ikifa mara nyingi kilichokufa ni betri tu, mota na giaboksi vizima, na ukimuomba vizuri anakupa kwa bei ya chai. Lakini drili imezaliwa kwa kutoboa, kurudi kinyume ni kufungulia skurubu tu, kwa hivyo mota nyingi za namna hii zinatoka kiwandani kaboni zake (vile vipande vinavyogusa rota, sehemu inayozunguka, na kuipa umeme) zimesogezwa kidogo ili upande wa kutobolea ziende kasi zaidi. Kwenye roboti mota mbili zinatazamana, ukienda mbele moja inazunguka upande wake wa raha na mwenzake kinyume, na huyo wa kinyume ndo anachelewa, anatoa cheche, anakula kaboni mapema.

Dawa yake wallahi ni saa moja ya kazi. Funga mota peke yake kwenye betri na mita ya ampea, iache izunguke bure, soma, geuza waya, soma tena. Namba zikipishana ndo hapo hapo. Nyuma ya mota kuna vimeno vya bati vimekunjwa kushika kifuniko cha plastiki chenye zile kaboni, vinyanyue pole pole kwa bisibisi bapa (usivikunje kila siku, vinakatika), zungusha kifuniko kidogo sana, milimita moja hivi, upime mpaka pande zote mbili zisome sawa, kisha ukunje vimeno. Tulipoliweka chini lilikwenda limenyooka toka mlangoni mpaka ukutani, mie nilikaa kimya naangalia tu.

La pili ni klachi. Ukishavua ganda la drili ile gia ya duara ya nje inabaki inashikwa na vigololi na springi, roboti likisukuma kwa nguvu inateleza trrrr na gurudumu limesimama. Toa vigololi, tia skurubu kwenye vitundu vyake zikae katikati ya matuta ya ile gia, basi imefungwa. Ila ukishafunga klachi hakuna tena cha kuihurumia mota, likikwama ukutani zinaweza kupita ampea 60 na moshi unauona, kwa hivyo dereva ajifunze kuachia mapema. Na kile kichwa kinachobana biti ukitaka kukitoa, fungua meno yake uangalie ndani, mara nyingi mna skurubu ya kinyume, unaizungusha upande wa kufungia ndo inatoka. Tumeharibu mbili kabla hatujajua.

Cheche za mota zinavuruga rimoti, kwa hivyo kapasita za 0.1 maikrofaradi weka tatu, moja kati ya miguu miwili ya mota na mbili kutoka kila mguu kwenda kwenye kopo la chuma la mota, rimoti inatulia.

Vipigo navyo. Sumaku za mota zimegandishwa tu kwa gundi ndani ya kopo lake, yetu moja ilibanduka baada ya kugongwa ikakwaruza rota na mota ikaganda katikati ya mchezo, siku ile iliniuma sana kwa sababu vijana walikuwa wanaongoza. Sasa kila mota mpya napaka epoksi kwenye kingo za sumaku kabla haijaingia kwenye roboti, na nyuma yake naishika kwa klempu na kipande cha tyubu ya baiskeli, ile mpira inameza kishindo, skurubu mbili za mbele peke yake hazitoshi hata kidogo.

Jumamosi tunafungua mota za akiba, upepo wa bahari huku unaacha kutu mpaka ndani ya kopo, nataka kuangalia kaboni zimebaki urefu gani.