Vile niliweka rejeta ya oili kwa Impreza WRX ya zamani

Hii Subaru Impreza WRX yangu ni GC8 (hiyo ni kodi ya modeli) ya 1998, injini EJ20 yenye tabo, na town haina shida yoyote, shida ni ukitoka Mai Mahiu ukipanda kuelekea Kimende, umekwama nyuma ya malori, ukipata nafasi unakanyaga, unarudi tena nyuma ya lori lingine, geji ya maji imetulia hapo katikati na oili imeshapita digrii 125. Watu wengi wakiona maji hayajachemka wanadhani injini yote iko poa. Kwa hivyo kabla hujanunua chochote weka geji ya joto la oili, uone kama kweli gari inahitaji.

Nikatafuta rejeta ndogo ya kupooza oili na ile pleti inayokaa kati ya bloku na filta kupeleka oili kwa hozi za rejeta, na hapo kwa pleti usibanie pesa jamani, chukua yenye themostati ndani, ile valvu inayozuia oili kwenda kwa rejeta hadi ipate moto. Yangu inafunguka kwa digrii 80 hivi. Asubuhi za Limuru ni baridi sana, bila themostati oili inapoozwa kabla hata haijapata moto, na oili ambayo haipati moto vizuri inabaki na maji na petroli ndani.

Uzuri wa GC8 intakula (ile ya kupooza hewa ya tabo) iko juu ya injini, so nyuma ya bampa kuna nafasi. Rejeta ya oili tuliifunga upande mmoja ili isizibe rejeta ya maji, midomo ya hozi ikiangalia juu ndio hewa isibaki ndani. Fundi alitaka hozi zipite karibu na ekzosi maana ndio njia fupi, nikakataa, heri hozi ndefu. Na hizi hozi za kusukwa na waya zikigusa bodi zinakata kama msumeno, kwa hivyo kila mahali zinapopita tulizivalisha kipande cha hozi ya maji tuliyoipasua. Pleti pia inashusha filta chini kidogo, tafuta ile filta fupi.

Kabla ya kuwasha tulichomoa soketi ya sensa ya kranki ili injini isiwake kabla oili haijazunguka, tukapiga stata kidogo kidogo mpaka taa ya oili ikazima, ndio tukarudisha. Endesha hadi themostati ifunguke, zima, subiri, kisha uangalie kijiti cha kupima oili na uongeze, maana rejeta na hozi zimekunywa yao.

Sasa mlima uleule, jua la mchana, inacheza kati ya 95 na 105, na presha ya oili gari ikiwa imesimama, injini inanguruma tu bila kukanyagwa, haishuki kama zamani. Nati za hozi nimezichora mstari wa rangi nyeupe, nikifungua boneti naona mara moja kama kuna moja imelegea.