Foleni Mbili, Mtu Mmoja

Kwa miezi kadhaa nilijitolea jioni mahali wanapogawiwa chakula watu wasio na makazi, na kazi yangu ilikuwa kupakua. Siku moja mzee mmoja alifika karibu kabisa na sufuria, akatazama saa ya ukutani, kisha akatoka kwenye foleni mikono mitupu. Nilimfuata kumwuliza kulikoni. Akanieleza kwa utulivu kwamba bweni analolala hufunga orodha saa moja na nusu, na asipowahi atalala nje. Nilimjazia chakula kwenye kopo, akalificha ndani ya koti, akaondoka akiwa amelikumbatia kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba njaa na ukosefu wa makazi ni tatizo moja, na kwamba jiji linalolikata vipande viwili, kila kipande na ofisi yake, fomu zake na saa zake, humwongezea mzigo mtu yuleyule linalotaka kumtua. Ukimpa asiye na nyumba mfuko wa vyakula vikavu, atavipikia wapi, kwa maji gani, na vilivyobaki atavihifadhi wapi mvua ikinyesha? Kadhalika, familia ambayo kodi ya nyumba humeza karibu kipato chake chote huanza kupunguza chakula, kwa sababu mwenye nyumba hangoji, ilhali tumbo hubembelezwa. Hatimaye hukosa vyote viwili.

Jiji la Helsinki ni mfano ninaourudia mara kwa mara. Mwaka 2008 Ufini ilianza mpango wa kitaifa wa kumpa mtu nyumba kwanza, bila kumtaka athibitishe kwamba ameacha pombe au amepata kazi. Mabweni ya jiji hilo yaligeuzwa kuwa nyumba ndogo za kupanga, ambamo kila mpangaji husaini mkataba kwa jina lake, hulipa kodi akisaidiwa na posho ya makazi, na huwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa kumwendea anapokwama. Vitanda vya mabweni, ambavyo mwaka 1985 vilizidi 2,000, vilibaki 52 mwaka 2016. Nyuma ya mlango wa mtu mwenyewe kuna jiko, na mwenye jiko hupika saa anayotaka. Hata hivyo, posho hiyo ilipopunguzwa mwaka 2024, idadi ya wasio na makazi nchini humo ilipanda mwaka huohuo, baada ya miaka mingi ya kushuka.

Kwa upande wa chakula, Belo Horizonte nchini Brazil ilianza mwaka 1993, chini ya meya Patrus Ananias, kwa kutamka kwamba chakula ni haki ya raia na kuunda idara ya kusimamia haki hiyo. Jiji lilifungua migahawa ya umma yenye mlo kamili kwa bei ndogo, tofauti ikifidiwa na halmashauri, na likawapa wakulima wadogo nafasi ya kuuza mazao yao mjini moja kwa moja. Kinachonigusa zaidi ni kwamba yeyote anaruhusiwa kuingia. Karani, mstaafu na aliyelala barazani usiku uliopita hula mlo uleule, na anayepita nje hawezi kujua nani ni nani. Nimeona watu wakipitisha siku nzima na njaa ili tu wasionekane kwenye foleni yetu, kwa hiyo kwangu jambo hilo lina uzito sawa na chakula chenyewe.

Mahali petu hatukuwa na nyumba za kugawa wala bajeti ya jiji. Tuliloweza ni kuanza kupakua nusu saa mapema. Wiki iliyofuata mzee yule alikula ameketi, ingawa macho yake hayakubanduka kwenye saa.